Miaka 10 Ilienda Wapi? Historia ya Bei ya ARV Kenya Ambayo Hatukufunzwa Shule

Hesabu ya leo ni hii. Julai 1996, kwenye kongamano la kimataifa la Ukimwi mjini Vancouver, Canada, watafiti walionyesha dunia kwamba ukitumia dawa tatu kwa pamoja, mgonjwa aliyekuwa amebakisha miezi michache anaweza kuamka kitandani, kurudisha kilo zake na kurudi kazini. Sisi huku, serikali ilitangaza kwamba ARV zitakuwa bure kwenye hospitali za umma mwaka wa 2006.

Toa 1996 kwa 2006. Ni miaka 10. Posti ya leo ni kuhusu hiyo miaka: nani aliichukua, tuliirudisha vipi, na kwa nini mtu wa miaka 19 anayekaa Umoja ama Bamburi anafaa kujali.

Najua jibu la haraka: "Ufisadi, bro. Umaskini." Ni ukweli, lakini si ukweli wote. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye karatasi iliyotiwa saini mjini Marrakesh, Morocco, tarehe 15 Aprili 1994. Mimi si wakili. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hii stori sikufunzwa darasani. Nimeisoma kwenye hukumu za korti na mikataba yenyewe, usiku, kwa simu, bando ikiisha katikati ya aya. Kama mimi nimeielewa, wewe pia utaielewa.

KABLA YA 1995

Tuanze na patenti. Ukibuni kitu kipya, serikali inakupa haki ya kuwa peke yako sokoni kwa muda fulani. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza ama kukiuza bila ruhusa yako. Kwa hivyo bei unaweka wewe. Kama ni kiatu, sawa, nitavaa sandali. Kama ni dawa, siwezi kusema nitangoja ya mwaka ujao.

Kwa miaka mingi kila nchi ilijiamulia mambo ya patenti. India ilipitisha sheria mwaka wa 1970 iliyosema hivi: dawa yenyewe haipati patenti, ni njia tu ya kuitengeneza inayopata. Maana yake, kampuni ya India ikipata njia nyingine ya kufika kwa tembe ileile, iko huru kuiuza. Ndiyo sababu India ikawa duka la dawa la nchi maskini. Sisi tulikuwa na maajabu yetu. Mpaka tulipotunga sheria yetu wenyewe mwaka wa 1989, ulikuwa hupati patenti Kenya bila kuipata Uingereza kwanza, halafu unakuja kuisajili hapa. Bendera ya uhuru ilipanda 1963, lakini kwa mambo ya patenti bado tulikuwa tunaripoti London.

Halafu mwaka wa 1986 nchi zilianza mazungumzo marefu ya biashara, yale yanayoitwa ya Uruguay. Mwaka huohuo kampuni kubwa za Marekani, Pfizer na IBM zikiwemo, ziliunda kamati yao na kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha patenti zimeingizwa ndani ya mkataba wa biashara.

Kwa nini biashara? Juu mikataba ya zamani ya patenti haikuwa na adhabu ya maana. Biashara inayo. Chini ya Shirika la Biashara Duniani, WTO, nchi ikikushtaki na ushindwe, kisha ukatae kurekebisha, inaweza kuruhusiwa kupandisha ushuru kwa bidhaa zako. Yaani ukigusa patenti ya dawa, mtu anaweza kugusa majani chai na maua yako. Dawa na majani chai sasa ziko kwenye kapu moja.

WTO ilianza kazi tarehe 1 Januari 1995, na Kenya ilikuwa mwanachama kuanzia siku hiyo. Ndani ya kifurushi kulikuwa na mkataba wa TRIPS, unaosimamia haki za ubunifu kwenye biashara. Unasema kila mwanachama lazima atoe patenti kwa kila aina ya teknolojia, dawa zikiwemo, na ulinzi uendelee hadi miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Nchi zinazoendelea zilipewa mpaka 2000 kujipanga. Nchi zilizo maskini zaidi zilipewa muda mrefu zaidi, na kwa upande wa dawa muda huo umekuwa ukiongezwa. Sasa uko 2033.

Hapa ndipo Kenya iliumia kivyake. Kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini zaidi, Uganda imo, Tanzania imo, Rwanda na Burundi zimo. Kenya haimo. Simama pale mpakani Busia. Virusi ni vilevile pande zote mbili, lakini upande wa magharibi nchi ina ruhusa ya kungoja kwa patenti za dawa, na upande wetu haina. Mwaka wa 2007 kiwanda kilichoshirikiana na kampuni ya Cipla ya India kilifunguliwa Luzira, Kampala, kutengeneza ARV na dawa za malaria. Hiyo ruhusa ya kungoja ilikuwa moja ya sababu kilijengwa huko.

MAKABURI YA KWETU

Mwaka wa 2000, dawa za mtu mmoja za mwaka mzima ziligharimu kati ya dola 10,000 na 15,000. Dola ilikuwa karibu shilingi 78. Chukua bei ya chini: shilingi 780,000 kwa mwaka, kila mwaka, mpaka ufe. Mwalimu wa shule ya msingi angewezaje?

Rais Moi alikuwa ametangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kila siku Wakenya walikuwa wakifa kwa mamia.

Kwetu nyuma ya nyumba ya nyanya kuna makaburi matatu yaliyofuatana: 1997, 1999, 2000. Watoto wake watatu. Mimi sikuwakuta. Nikiwa mdogo tuliambiwa ni kifua kikuu, ama "ugonjwa mrefu", na mazungumzo yanaishia hapo. Nilipokuwa nikiandika hii posti ndio nimeziweka zile tarehe kando ya 1996. Wote watatu walikufa dawa ikiwa tayari iko duniani. Yule wa mwisho alikufa miezi michache tu kabla ya bei kuanguka. Nyanya hajawahi kusikia neno TRIPS, na sidhani nitamwambia.

PRETORIA, 2001

Bei ilianguka vipi? Kampuni hazikuamka siku moja zikaona huruma. Zilisukumwa, na kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa kwanza ni Afrika Kusini. Mwaka wa 1997 serikali ya Mandela ilipitisha sheria ya kurahisisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu. Februari 1998 makampuni ya dawa yakaipeleka kortini. Kesi iliposikilizwa walalamishi walikuwa 39. Serikali ya Marekani nayo ikaiweka Afrika Kusini kwenye orodha ya nchi za kuchungwa kibiashara. Wanaharakati hawakunyamaza. Kule Afrika Kusini kulikuwa na kikundi cha TAC cha Zackie Achmat, mtu mwenye virusi aliyekataa kumeza ARV mpaka mwananchi wa kawaida azipate hospitali ya umma. Kule Marekani, vijana walimvuruga Al Gore alipozindua kampeni yake ya urais mwaka wa 1999, wakimpigia kelele kuhusu dawa za Afrika. Mei 2000 Clinton akatoa amri kwamba serikali yake haitazishinikiza nchi za Afrika kusini mwa Sahara kwa sababu ya dawa za Ukimwi. Kesi ilianza kusikilizwa Pretoria Machi 2001, na tarehe 19 Aprili makampuni yakaiondoa yenyewe. Dunia nzima ilikuwa ikiwaangalia.

Upande wa pili ni India. Februari 2001, Yusuf Hamied wa Cipla alitangaza kwamba atawauzia Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, dawa zote tatu kwa dola 350 kwa mtu kwa mwaka. Chini ya dola moja kwa siku. Hapo ndipo dunia ilijua: kumbe tembe inaweza kuuzwa bei hiyo na bado kiwanda kisifungwe.

Wacha niwe mkweli hapa. Makampuni yana hoja, na si ya kijinga: kutafuta dawa mpya kunakula pesa nyingi sana, na bila patenti nani ataweka pesa yake? Ni kweli pia kwamba bei kushuka peke yake hakukuweka tembe mdomoni mwa mtu. Ilibidi kuwe na pesa za kununua, na nyingi zilitoka nje: Mfuko wa Dunia ulioanza 2002 na PEPFAR ya Marekani iliyotangazwa 2003. Lakini piga hesabu: pesa inayotibu mtu mmoja kwa dola 10,000 inatibu watu 28 kwa dola 350. Hiyo hesabu ndiyo iliyowezesha misaada kuwa na maana.

NAIROBI NAYO?

Hapa ndipo napenda hii historia, juu huku hatukukaa tu tukiangalia. Mashirika na watu wanaoishi na virusi waliungana kudai dawa muhimu, na Juni 2001 bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani. Ilitufanya tufuate TRIPS, ndiyo, lakini ilitumia kila mlango ambao TRIPS yenyewe imeacha wazi.

Mlango wa kwanza ni uagizaji sambamba. Kama dawa inauzwa kihalali nchi nyingine kwa bei ya chini, unaweza kuinunua huko na kuileta bila kumpigia mwenye patenti magoti. Mlango wa pili ni leseni ya lazima na matumizi ya serikali: jambo likiwa la dharura, serikali inaweza kuruhusu mtu mwingine atengeneze ama aagize, na mwenye patenti alipwe fidia. Haya yote yamo ndani ya TRIPS. Novemba 2001 mawaziri wa biashara walikutana Doha, Qatar, wakaandika tamko kwamba mkataba huo haufai kuzuia nchi kulinda afya ya watu wake. Mwaka huohuo MSF walianza kutoa ARV bure Homa Bay.

Lakini mlango ukifunguliwa kwa kelele, huwa unafungwa kimya kimya. Mwaka wa 2002, ndani ya mswada wa marekebisho madogo madogo ya sheria, kuliingizwa maneno machache yanayotaka mwagizaji apate kwanza idhini ya mwenye patenti. Kama lazima umwombe mwenye bei ruhusa ya kumkwepa, umekwepa nini? Wanaharakati waligundua, wakapiga kelele, na mabadiliko hayo yakaondolewa. Ukitaka kujua kwa nini nasema tusome miswada, ndiyo hiyo.

MANENO MAWILI

Sasa tuje 2008. Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Feki. Nani anaweza kupinga hiyo? Hakuna mtu anataka betri feki, sembuse dawa feki inayoua mtu. Shida ilikuwa kwenye kifungu cha 2, kinachoeleza "feki" ni nini. Kilisema ni kutengeneza ama kunakili kitu bila idhini ya mwenye haki ya ubunifu iliyoko Kenya "au kwingineko".

Soma tena hayo maneno ya mwisho. Dawa ya jeneriki, yaani ile yenye kemikali ileile iliyotengenezwa na kampuni nyingine, si feki. Inapimwa, inasajiliwa, inafanya kazi. Lakini kwa tafsiri hiyo, tembe nzuri kutoka India, halali kabisa hapa, ingeweza kuitwa feki kwa sababu tu kuna mtu ana patenti yake nchi nyingine. Afisa wa bandari ya Mombasa angeweza kuishika, na aliyeileta angeweza kushtakiwa kama mhalifu. Hii haikuwa hofu ya kufikiria tu. Wakati huohuo, Uholanzi ilikuwa ikikamata shehena za dawa za India zilizokuwa zikipita tu. Mwaka wa 2009 ilikuwa zamu ya ARV zilizokuwa zikienda Nigeria.

Na sikia kitu kingine. TRIPS haikutuomba tuandike hivyo! Kwenye mkataba wenyewe, bidhaa feki ni suala la alama za biashara, mtu kubandika jina la mwenzake kwa kitu chake. Patenti ni kesi tofauti. Sisi wenyewe, bungeni kwetu, tulitii kuliko tulivyoambiwa. Hapo huwezi kusema "wazungu". Hapo ni wabunge wetu, na saini ni ya Nairobi.

Mwaka wa 2009 watu watatu wanaoishi na virusi walienda Mahakama Kuu. Kesi inajulikana kama P.A.O. na wenzake wawili dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Hoja yao ilikuwa rahisi: tunaishi kwa dawa za jeneriki, mkizizuia, mnatuua. Aprili 2010 korti ikasimamisha vifungu hivyo visitumiwe kwa dawa za jeneriki. Agosti mwaka huohuo tukapata Katiba mpya.

SHERIA YA PILI KUTOKA JUU

Katiba ndiyo iliyobadilisha mchezo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 2 kinasema mikataba ambayo Kenya imeidhinisha ni sehemu ya sheria za Kenya.

Mikataba, kwa wingi. Si TRIPS peke yake. Mwaka wa 1972, miaka 22 kabla ya Marrakesh, Kenya ilikuwa imekubali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, unaotambua haki ya kila mtu kupata afya. Ulikaa kwenye kabati tu. Hauna ushuru, hauwezi kugusa majani chai ya mtu, kwa hivyo hakuna waziri aliyekosa usingizi juu yake.

Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu. Alisema tafsiri ile ya feki ni pana mno na inahatarisha haki ya kuishi, ya utu na ya afya ya walalamishi. Alitumia Katiba, na akautoa ule mkataba wa 1972 kwenye kabati. Msimamo wake ni kwamba haki za ubunifu ni za kuheshimiwa, lakini pale zinapogongana na uhai wa watu, uhai ndio unaotangulia. Serikali ikaambiwa ikaifikirie upya hiyo tafsiri.

Hii ndiyo pointi yangu yote leo. Tukiongea kuhusu sheria za kimataifa, watu hugawanyika mara mbili. Kuna wanaosema "hizo ni za wakoloni, tutoke." Kuna wanaosema "tulitia saini, tufuate." Wote wanaongea kana kwamba sheria kutoka juu ni moja. Ziko nyingi, na zinapingana. Moja ilikuja na meno yake kutoka Marrakesh. Nyingine ilikuja bila meno, na ni Wakenya watatu wagonjwa, mawakili wao na jaji mmoja walioipa meno hapa Nairobi. Sheria ya nje haifanyi kazi hadi mtu wa ndani aichukue na kuitumia. Swali ni nani huichukua kwanza.

SI MAMBO YA KALE

Oktoba 2020, India na Afrika Kusini ziliomba WTO isimamishe baadhi ya haki za TRIPS kwa muda ili chanjo, dawa na vipimo vya Korona vitengenezwe kwingi. Kenya iliunga mkono rasmi. Sisi tulipata chanjo za kwanza tarehe 3 Machi 2021, kama milioni 1 hivi, kutoka India. Mwezi huo haujaisha, India ikasitisha kuuza nje kwa sababu watu wake walikuwa wakifa. WTO iliamua lini? Juni 2022. Miezi 20 baadaye, na kwa chanjo pekee.

Kuna lenacapavir, sindano ya kuzuia HIV ambayo unadungwa mara mbili kwa mwaka. Oktoba 2024 kampuni ya Gilead ilitoa leseni kwa watengenezaji 6 wa jeneriki kuuza kwa nchi 120. Kenya imo. Brazil haimo. Ni habari njema kwetu, na hata 1996 tungeililia. Lakini angalia nani aliyeandika orodha: ni mwenye patenti. Leo tumo, kesho je?

Na Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani walipitisha mkataba wa majanga ya magonjwa, huku sehemu ngumu zaidi, ya nani atapata chanjo nchi ikishatoa sampuli za virusi, ikiachwa ijadiliwe baadaye kwenye kiambatisho. Mpaka hapa ushajua: mambo makubwa hujificha kwenye kiambatisho, kwenye marekebisho madogo madogo, kwenye "au kwingineko".

Kwa hivyo ombi langu si uandamane kesho. Katiba, Kifungu cha 118, inalazimisha bunge kuwashirikisha wananchi kwenye kazi yake ya kutunga sheria. Yale matangazo ya maoni ya umma tunayoyapita kwenye magazeti na X, kwa miswada ya afya tusiyapite. Fungua mswada, enda kifungu cha 2, mahali maneno yanapewa maana. Kama kuna kitu hukielewi, kipige picha ukitume hapa, tukisome pamoja. Wale watatu wa 2009 hawakuwa na jeshi wala followers. Walikuwa wamesoma kifungu kimoja vizuri kuliko bunge lililokipitisha, na leo Wakenya zaidi ya milioni 1 wanameza ARV.

Waulize wazazi wako walikuwa wapi 1999. Usiulize kwa hasira, uliza tu. Wengi hawajawahi kuulizwa.